Kiti Kilichonitesa Magoti: Niliyojifunza Juu ya Baiskeli Hapa Jinja

Siku niliyonunua baiskeli, jirani alimuuliza mke wangu kwa sauti ya pole kama pikipiki imeibwa au nimeiuza kulipa deni. Hapa Jinja, Uganda, mtu mzima akionekana juu ya baiskeli bila samaki wala mkungu wa matoke kwenye karia, watu hujua ana shida. Sasa mwalimu, tena mwenye pikipiki, anazunguka jioni bila mzigo na bila safari! Nilikuwa nimetimiza miaka arobaini na sita, suruali hazifungi, na ngazi za shuleni zilikuwa zikinimaliza pumzi kabla sijaingia darasani. Mbio sikuzitaka. Nilitaka kupumua tu.

Wiki tatu za kwanza nusura niiache. Magoti yaliniuma kwa mbele, chini ya kifuniko cha goti, hadi kuchuchumaa kukawa mtihani. Nikasema ni uzee umebisha hodi. Aliyenitoa huko ni fundi wa baiskeli wa Masese, mzee ambaye ujana wake aliumalizia Busia akivusha watu na mizigo mpakani kwa baiskeli, zile boda-boda za asili, kabla pikipiki hazijalichukua jina hilo. Aliniona nikija kutoka mbali. Sijashuka bado, akaniambia, "Mwalimu, mbona umekaa kama mtu aliye chooni?"

"Mzee, nikikipandisha kiti miguu haifiki chini."

"Chini unafuata nini? Ukisimama, shuka kitini."

Akaniegemeza ukutani, nikakaa, akaniambia niweke kisigino juu ya pedali iliyoko chini kabisa. Hapo mguu unapaswa kunyooka. Ukianza kukanyaga kwa sehemu ya mbele ya unyayo, kama inavyotakiwa, goti linabaki limekunjika kidogo tu. Kiti changu kilipanda karibu vidole vinne. Siku hizi mtu akiniambia baiskeli inamuumiza, namuuliza kwanza wapi. Maumivu ya mbele ya goti mara nyingi ni kiti kiko chini mno. Ya nyuma ya goti, au nyonga zinayumba kushoto na kulia kila unapokanyaga, basi umekipandisha kupita kiasi. Badilisha kidogo kidogo, upana wa nusu kidole, kisha zunguka siku mbili kabla hujagusa tena spana. Ukipata pako, funga utepe kwenye bomba la kiti uwe alama, kwa sababu watoto watakishusha.

Kuna jambo jingine la kiti ambalo sisi wanaume hatulisemi mbele ya watu: ganzi. Ukipata ganzi huko chini, usijikaze kiume. Angalia ncha ya kiti isielekee juu, iwe sawa na ardhi, na kila baada ya dakika kumi hivi simama juu ya pedali damu ipite. Kiti kinene cha sponji, kile ambacho wenye maduka wanapenda kukuuzia, mara nyingi huzidisha tatizo, maana mifupa ya makalio huzama na sponji inasukuma mahali pasipotakiwa.

Kosa langu la pili lilikuwa gia. Nilidhani gia nzito ndiyo mazoezi, nyepesi ni ya wavivu. Gia nzito inayakamua magoti. Moyo na mapafu hufaidi zaidi miguu inapozunguka haraka bila kusukuma kwa nguvu. Hesabu mguu mmoja kwa sekunde kumi na tano: ukipata mizunguko kumi na minane au ishirini, uko pazuri. Ukipata kumi, punguza uzito. Na mlima unapouona, badilisha gia kabla hujaanza kupanda, si katikati huku cheni inalia. Wa Kampala wenye Muyenga na Kololo wananielewa kuliko sisi wa Jinja, ambako mji wenyewe ni tambarare.

Sasa barabara, na hapa sitafupisha. Nilianguka mara moja kwa maana halisi ya kuanguka, na ilikuwa kwenye barabara kuu ya kuelekea Iganga. Nilikuwa nimejibana ukingoni kabisa mwa lami, kwa adabu, nikiwapisha wenye magari. Lori la miwa likanipita karibu, nikateremka kwenye murram, ule udongo mwekundu wa changarawe, ya pembeni, na kwa haraka zangu nikataka kurudi juu ya lami nikiwa bado kwenye mwendo. Lami ilikuwa juu ya murram kama kimo cha kidole. Gurudumu la mbele likasugua ukingo, halikupanda, nami nikapaa. Kofia ngumu ilipasuka upande wa kushoto, kichwa hakikupasuka. (Kofia iliyopigwa mara moja imekwisha kazi, hata kama ufa hauonekani. Usimpe mdogo wako.)

Nilijilaumu mambo mawili. Kwanza, ukishatoka kwenye lami, umetoka. Punguza mwendo, simama ikibidi, ndipo urudi ukiukabili ukingo usukani ukiwa wima, karibu pembe mraba, si kwa kuunyemelea ubavuni. Kanuni hiyo hiyo inahusu reli: vuka ukiwa umezikata moja kwa moja, hasa zikiwa na maji ya mvua. Pili, adabu yangu ya kujibana ndiyo iliyomwalika dereva anipite bila kuhama. Nikikaa karibu mita moja kutoka ukingoni, dereva hulazimika kuniona na kuamua. Na nina nafasi ya kukwepea. Nikisikia lori na basi vinakuja kwa pamoja kutoka pande mbili, hapo sibishani na mtu, nashuka mapema kwa hiari yangu.

Lakini ukweli ni kwamba barabara kuu nimewaachia wenyewe. Raha iko pembeni. Naanzia mjini, napita njia ya Bujagali, ambako bwawa lililozinduliwa mwaka 2012 lilifunika maporomoko yale niliyoyaona utotoni, kisha naendelea upande wa Budondo, kati ya mashamba, watoto wakipiga kelele za "kodheyo!", salamu ya Kisoga, na mbwa mmoja ambaye bado hatujapatana. Huko hatari ni nyingine: murram. Kwenye murram kavu yenye changarawe usikamate breki ya mbele kwa ghafla ukiwa kwenye kona. Breki hiyo ndiyo yenye nguvu kuliko ya nyuma, na ndiyo inayoteleza vibaya. Maliza kupunguza mwendo kabla ya kona. Dimbwi la maji ya mvua ulione kama shimo hadi uhakikishe.

Vumbi letu jekundu linakula cheni. Wengi hupaka oili chafu iliyotolewa kwenye pikipiki kwa kuwa ni ya bure. Oili hiyo ina unga wa chuma, nayo ikishika vumbi inakuwa kama msasa unaozunguka na cheni. Futa kwa kitambaa, weka tone la oili safi kila kiungo, zungusha, kisha futa ya juu yote. Kazi ya dakika tano Ijumaa jioni.

Kuhusu kipimo cha mazoezi, Shirika la Afya Duniani linapendekeza dakika 150 hadi 300 kwa wiki za kazi ya wastani kwa mtu mzima. Nusu saa siku tano inatosha kufika. Wastani ni mwendo unaokuruhusu kuongea lakini si kuimba. Mimi huimba kila baada ya muda kujipima, na ndiyo sababu nyingine majirani wana wasiwasi nami. Kama una presha, kisukari au ulishawahi kuumwa moyo, zungumza na daktari kwanza; na kifua kikibana njiani, shuka, kaa kivulini, omba msaada, safari imekwisha.

Maji nabeba nusu lita kwa kila saa, zaidi kukiwa na jua kali. Chini ya saa moja sihitaji chakula. Ikizidi, gonja mbili, zile ndizi za kuchoma barabarani, zinafanya kazi kuliko vinywaji vya chupa vyenye rangi. Rolex, ile chapati iliyoviringishwa na mayai, naiacha hadi nirudi, kwa sababu mayai na mafuta tumboni kwenye mlima ni majuto.

Saa zangu ni kumi na mbili na nusu asubuhi, kunapopambazuka, au kumi jioni. Huku kwetu karibu na ikweta giza haliji taratibu. Jua likizama, dakika ishirini baadaye dereva hakuoni. Taa nyekundu nyuma naiwasha hata mchana.

Mama Zawadi, aliyevumilia pole zote za jirani, wiki iliyopita ameanza kuuliza bei ya baiskeli ya fremu ya chini. Dukani bado hatujaenda. Jumamosi nampeleka Masese kwanza, mzee ampime.