Bustani ya burudani na familia: pesa inavujia wapi na uzibe vipi

Mleta mada ameuliza wazazi wawili na watoto watatu (miaka 4, 8 na 11) washindeje siku nzima kwenye bustani ya burudani bila kukausha mfuko. Naanza na tiketi, maana hapo ndipo familia nyingi zinapoumia.

Kwa kawaida unalipa kila mchezo wa kupanda peke yake, au unanunua bangili ya kucheza siku nzima. Gawanya bei ya bangili kwa bei ya mchezo mmoja. Ukipata 6, bangili inaanza kukulipa kuanzia mchezo wa saba. Wa miaka 11 atavuka hapo mapema foleni zikiwa fupi. Wa miaka 4 anaweza kuchoka baada ya minne tu, na mzazi anayebaki na mikoba hapandi chochote. Kwa hiyo msikimbilie "kifurushi cha familia" kabla ya kupiga hesabu ya kila mtu.

Halafu pimeni watoto nyumbani, bila viatu. Rolakosta (vigari vya relini vinavyopanda na kushuka kwa kasi) nyingi kubwa zinadai sentimita 120 au zaidi, na mhudumu hawezi kusamehe hata sentimita moja, kwa sababu kizuizi cha kiti kimeundwa kushika mwili wa kuanzia ukubwa fulani. Mwenye 117 akinunuliwa bangili ya wakubwa, mmelipia michezo ya kutazama. Na kilio chake pale mbele ya kipimo, baada ya kupanga foleni nusu saa, kinaumiza kuliko hiyo pesa.

Chagueni siku ya katikati ya wiki, mfike getini nusu saa kabla halijafunguliwa. Watu wengi husimama kwenye mchezo wa kwanza wanaouona. Nyie pitilizeni hadi ule unaogombaniwa zaidi. Saa ya kwanza ndiyo ya foleni fupi.

Kabla ya siku yenyewe pigeni simu kuuliza: chakula cha nje kinaruhusiwa? Ukitoka unarudi bila kulipa tena? Radi ikisimamisha michezo, tiketi inahamishiwa siku nyingine? Chakula kikikataliwa lakini kutoka kunaruhusiwa, kuleni nje ya geti, saa moja kabla ya wengine. Maji yagandisheni usiku kwenye chupa zilizojaa robo tatu tu (barafu hutanuka, chupa ikijaa hupasuka). Asubuhi zitapoza chakula, mchana mtakunywa. Baada ya kula, michezo ya kuzunguka isubiri, la sivyo mtoto atatapika.

Vibanda vya kurusha pete ili ushinde mdoli viwekeeni kiasi maalum, kikiisha basi. Pete huzidi mdomo wa chupa kidogo sana, kwa hiyo nyingi hudunda na kuanguka.

Wapigeni watoto picha asubuhi wakiwa na nguo za siku hiyo, na muandike namba ya simu kwa kalamu mkononi mwa yule mdogo. Michezo ya maji iwe ya mwisho, ili nguo za kubadilisha zibaki kwenye gari au mkoba mmoja, msilipie kabati la kuhifadhia mizigo.