Ambulensi yetu imeenda wapi?

SWALI: Shangazi shikamoo. Dispensari yetu ilikuwa na ambulensi moja, huu mwezi wa pili haipo, mara tukaambiwa iko gereji, juzi dereva mwenyewe katupasulia imehamishiwa hospitali kubwa na hairudi. Wiki jana jirani yangu kashikwa na uchungu saa nane usiku tukampakia bodaboda, mie nyuma nimemshika kiuno, na ile barabara mashimo matupu. MCA, yaani mjumbe wa wadi yetu kwenye bunge la kaunti, tukimuuliza anasema hayo ni ya serikali kuu. Kweli?
Msomaji, Pwani

JIBU: Marahaba mwanangu, poleni sana. Huyo anawazungusha tu. Katiba ya Kenya ya 2010, Jedwali la Nne, imeitaja ambulensi waziwazi kwenye kazi za kaunti, kwa hiyo mlango wa kubisha ni wa gavana na waziri wake wa afya, na wa kuwasimamia hao ni bunge la kaunti, yaani yeye MCA mwenyewe! Andikeni barua, muulize gari kalihamisha nani, lini, na usiku mpige namba gani. Sheria ya kupata habari ya 2016 inaipa ofisi siku 21 kujibu, na habari ikihusu uhai wa mtu ni saa 48. Nendeni na nakala mbili, moja igongwe muhuri mrudi nayo, maana barua za ofisini zina miguu. Wakinyamaza, nendeni kwa Ombudsman, ile tume inayopokea malalamiko dhidi ya ofisi za serikali. Na huyo jirani alijifungua salama? Hukuniambia.