Ngozi inayopauka na baridi ya Nairobi: skrabu yangu ya sukari na mafuta ya nazi

Msomaji mmoja wa Kasarani ameniandikia juzi: "Dada, nilitengeneza skrabu kama ulivyosema, sasa imeganda kwenye kopo, hata kijiko hakiingii. Nitupe?"

Usitupe, mpenzi. Hujaharibu kitu. Mafuta ya nazi huganda joto likishuka chini ya nyuzi 24 hivi, na mwezi wa Julai hapa Nairobi kuna asubuhi tunaamka na nyuzi 12. Funga kifuniko barabara, weka kopo kwenye beseni la maji moto, yatalegea yenyewe. Ukitengeneza tena msimu huu wa baridi, punguza mafuta ya nazi yabaki nusu, nusu nyingine tia ya alizeti au ya parachichi. Hayo hayagandi kwa baridi yetu.

Nimefurahi aliuliza, kwa sababu wengi wakishindwa mara moja hurudi dukani kununua kopo dogo la bei kubwa, wakaamini kwamba vya kujitengenezea ni vya watu wasiojiweza. Maneno hayo nayajua. Niliwahi kuambiwa usoni.

Nilikuwa nafanya kazi ya kukanda na kusugua wateja katika spa moja ya mtaa wa wenye pesa. Skrabu tuliyotumia ilitoka nje, ya chumvi, yenye manukato makali. Mimi ndiye niliyekuwa nasugua, kwa hiyo mimi ndiye niliyeona: mteja akishasuuzwa, miguu inapauka papo hapo, anaomba mafuta kabla hata hajavaa. Nyumbani nilikuwa na yangu ya sukari. Siku moja nikaenda nayo, nikaiweka jikoni kwa wafanyakazi, nikitaka msimamizi aijaribu mkononi tu. Aliishika kopo kwa vidole viwili, akaipeleka mbele ya wateja wawili waliokuwa wakisubiri, akasema, "Hii peleka kijijini." Wakacheka. Mpaka leo nikipita barabara ile moyo unauma.

Aliyenifunza kusugua mwili hakuwa na cheti cha mtu. Ni mama mmoja wa Lamu, jirani yangu nilipokuwa nakaa South C, aliyekuwa akiwasugua mabibi harusi kwa singo, yaani mchanganyiko wa pwani wa kusugulia mwili. Alikuwa na liwa (mti wa msandali wenye harufu nzuri), karafuu na maua ya waridi makavu, anasaga, analainisha kwa marashi. Alinisugua mkono wa kushoto peke yake, taratibu, mpaka singo ikaanza kukauka na nongo zikatoka zimejikunja vijiti vidogo vya kijivu. Akausuuza, akaupaka mafuta ukiwa bado na maji. Wa kulia akauacha vilevile. "Sasa tazama mwenyewe," akasema. Nilitazama mikono yangu miwili njia nzima ya kurudi nyumbani.

Hapo ndipo nilipoelewa kazi ya mafuta. Sukari inaondoa ngozi iliyokufa, basi. Mafuta nayo hayaleti maji mwilini, yanayazuia yasikauke. Ndiyo maana skrabu inapakwa kwenye ngozi iliyolowa na si kavu, na ndiyo maana mafuta ya mwisho unapaka kabla hujajifuta ukakauka kabisa.

Vipimo ni rahisi: vikombe viwili vya sukari, kikombe kimoja cha mafuta. Sukari yetu ya dukani ina punje kubwa, itwange kidogo kwenye kinu isikukwaruze. Yeyusha mafuta ya nazi, yaache yapoe yasiwe moto, ila yasigande. Mimina kidogo kidogo ukikoroga mpaka uone inashikana kama mchanga wa pwani uliolowa. Ukipenda, ongeza kijiko cha asali. Sugua kwa viganja ukizungusha, bila nguvu, mara moja au mbili kwa wiki. Uso uache. Suuza kwa maji ya vuguvugu, usirudie sabuni, kwani sabuni itaondoa mafuta yote uliyohangaikia.

Maji yasiingie kwenye kopo. Nalirudia kila mara na bado napata ujumbe wa watu ambao skrabu yao imeota ukungu. Chota kwa kijiko kikavu, tia kwenye bakuli, ndipo uingie bafuni na bakuli. Kopo libaki nje. Usichovye mkono uliolowa.

Limau pia usitie, hata kama umeona wengine wanatia. Maji ya limau yakibaki kwenye ngozi kisha ukatoka juani, unaweza kuungua na kubaki na mabaka meusi kwa wiki nyingi. Chumvi iweke kwa ajili ya nyayo zenye magaga. Ukishanyoa miguu itakuchoma. Machicha ya kahawa ni mazuri lakini yanataka kukaushwa vizuri, na huziba bomba la bafu, hasa kwenye fleti zetu. Na sakafu itateleza kwa mafuta, kwa hiyo mwage maji ya moto yenye sabuni kabla mtoto au mzee hajaingia.

Dada zangu, nisikieni na hili. Wanaoniuliza kama skrabu inatakatisha rangi, jibu ni hapana, na msiitafutie hiyo kazi. Krimu za kung'arisha rangi zenye kemikali ya haidrokwinoni au zebaki, KEBS (shirika la viwango la Kenya) imezipiga marufuku kwa sababu zinaharibu ngozi, na zebaki inaumiza figo, lakini bado zinauzwa chini ya meza katikati ya mji. Rangi yako haina ugonjwa. Ngozi yako inataka kuoshwa nongo na kupakwa mafuta, na hayo unaweza kuyafanya kwa sukari iliyo jikoni kwako. Usikubali mtu akutie haya kwa kitu ulichokitengeneza kwa mikono yako na unajua kila kilichomo. Mimi nilitiwa haya, na sasa kuna saluni Ngong Road inayochukua makopo yangu, na mabibi harusi wananitafuta wenyewe.

Wanaotaka kuuza kama mimi: kutengenezea nyumba yako hakuna wa kukuuliza, lakini bidhaa ya kuuzwa inahitaji alama ya ubora ya KEBS. Fuatilieni hilo kabla ya kuchapisha lebo. Andikeni viungo vyote kwenye kopo, hasa mkitumia mafuta ya karanga au ya makadamia, maana kuna watu miili yao haiyataki kabisa.