"Inazidi kwa 3" au "inazidishwa kwa 3"?

SWALI: Mwanangu alipewa 2, 6, 18, 54 aeleze mfuatano huo. Akaandika: "Kila namba inazidi iliyotangulia kwa 3." Amekoseshwa. Kosa ni la hesabu au la lugha? Na namba ya n, yaani iliyo katika nafasi yoyote n, tuisemeje kwa Kiswahili?

JIBU: Ni la lugha, na limeiharibu hesabu. Kuzidi kwa 3 ni kupita kwa 3: 2, 5, 8, 11. Katika namba za mwanao, 6 inazidi 2 kwa 4, 18 inazidi 6 kwa 12, 54 inazidi 18 kwa 36, tofauti haitulii. Kinachotulia ni jibu la kugawanya: 6 kwa 2, 18 kwa 6, 54 kwa 18, zote 3. Basi aandike: "Kila namba hupatikana kwa kuzidisha iliyotangulia kwa 3." Ni hiyo -ish- tu, lakini bila hiyo mfuatano wa kijiometri, yaani ule wa kuzidisha kwa namba ileile kila hatua, haupo.

"Mara tatu zaidi" naikataa kabisa katika hisabati. Ukisema mara tatu zaidi ya 6, mmoja ataelewa 18, mwingine 24.

Kwenye namba ya n, wengi huteleza katika a-unganifu, ile "ya" inayounganisha maneno. "Mara tano" ni idadi, "mara ya tano" ni nafasi. Vivyo hivyo, namba ya 5 haimaanishi umezidisha mara 5. Ile 2 ulipewa tayari. Kuifikia ya pili unazidisha mara 1, ya tatu mara 2, ya tano mara 4: 2 × 3 × 3 × 3 × 3 = 162. Kwa hiyo namba ya n ni 2 × 3ⁿ⁻¹. Anayeandika 2 × 3ⁿ akitafuta ya 5 hupata 486, ambayo ni ya 6.

Ukiisoma "mbili mara tatu kwa kipeo cha n toa moja", msikilizaji hajui moja inatolewa kwenye kipeo au kwenye jibu. Sema hivi: "Toa moja kwenye n, hicho ndicho kipeo, ipe tatu kipeo hicho, kisha zidisha kwa mbili." Mpangilio huo pia unamkinga mtoto asizidishe 2 na 3 kwanza akaandika 6ⁿ⁻¹, ambayo kwa namba ya 3 inaleta 36 badala ya 18.

Wala msiiite "istilahi ya n" kwa kutafsiri "term" ya Kiingereza. Istilahi ni neno la taaluma. Hapa "namba ya n" inatosha.