Maswali yenu: majibu mabaya ya mlango wa kizazi ukiwa chini ya miaka 25

Barua nyingi tulizopata safari hii zinatoka kwa wasichana na kina mama wadogo, na zinafanana: karatasi ya maabara imetoka na herufi za kutisha, na mtu ameshaambiwa akatwe au achomwe. Tumechagua chache. Majibu yetu hayachukui nafasi ya daktari aliyekuona, ila yatakusaidia kumuuliza yale ya maana.

Shikamoo daktari. Nina miaka 22, sijaolewa. Nilipima afya yote hospitali binafsi, papsmia ikaandikwa LSIL. Wanataka nilipie LEEP wiki ijayo. Nikubali? (Morogoro)

Marahaba binti. Usikubali LEEP, yaani kukatwa kipande cha mlango wa kizazi kwa waya wenye umeme, kwa karatasi hiyo peke yake.

Papsmia ni kipimo cha seli zilizochukuliwa kwenye mlango wa kizazi, na LSIL maana yake seli za juu zimebadilika kidogo. Kwa umri wako sababu karibu kila mara ni virusi vya HPV, ambavyo watu wengi huvipata miaka ya mwanzo tu baada ya kuanza kujamiiana. Kinga ya mwili huvishinda yenyewe: takriban maambukizi tisa kati ya kumi hayaonekani tena ndani ya miaka miwili, na seli hurudi hali yake. Saratani ya mlango wa kizazi huchukua miaka 15 hadi 20 kujijenga kwa mwanamke mwenye kinga nzuri. Ndiyo sababu Shirika la Afya Duniani linashauri uchunguzi uanze miaka 30, au 25 kwa mwenye VVU. Ukipima mapema kuliko hapo unakamata mengi yaliyokuwa njiani kuondoka.

Cha kufanya ni kurudia papsmia baada ya miezi 12. Ikitoka tena LSIL, au ile nyepesi zaidi iitwayo ASC-US, rudia baada ya miezi 12 mingine. Ikiwa hata hapo haijakaa sawa, ndipo unapelekwa kolposkopi, yaani daktari anauangalia mlango wa kizazi kwa kioo cha kukuza baada ya kupaka siki, kisha anachukua vipande vidogo vya nyama kwa ajili ya maabara (biopsi). Ukipata majibu safi mara mbili mfululizo, unarudi kwenye ratiba ya kawaida.

Kuna herufi ambazo hazisubiri mwaka, kwa sababu zinaashiria mabadiliko yanayoweza kuwa makubwa zaidi: ASC-H, HSIL na AGC. Ukiziona, nenda kolposkopi mapema. Na hata kwa HSIL, chini ya miaka 25 hatuanzi na LEEP. Kipande cha nyama kisomwe kwanza.

Siku ya kurudia usiwe kwenye hedhi, na kwa saa 48 kabla usijamiiane wala kuweka dawa au kitu chochote ukeni. Damu na dawa huficha seli. Karatasi ikisema sampuli haikutosha, hayo si majibu mabaya. Unarudia baada ya miezi miwili hadi minne.

Nina miaka 23. Kwenye kambi ya upimaji nilipakwa siki kwenye mlango wa kizazi, wakasema ni chanya na wanataka kugandisha sehemu hiyo kwa baridi kali papo hapo. Nilikimbia. Nimekosea?

Kuuliza kwanza ni haki yako, lakini usiishie hapo. Mpango wa kupima na kutibu siku hiyohiyo ni mzuri sana kwa wanawake wa miaka 30 na kuendelea, kwa sababu wengi wao wakiambiwa warudi hawarudi. Kwa msichana hali ni tofauti. Kwenye umri wako ile ngozi laini nyekundu ya ndani ya mlango wa kizazi huwa imetokeza nje, na pembezoni mwake seli zinabadilika kwa kawaida ya ukuaji. Siki ikipakwa, sehemu hiyo nayo huweka weupe hafifu, wenye kingo zisizoeleweka. Uvimbe wa maambukizi hufanya hivyo pia. Chanya ya kweli ni weupe mzito, wenye mpaka unaoonekana, uliogusa mstari ambapo ngozi mbili zinakutana, na unasomwa baada ya dakika moja kamili tangu siki ya asilimia 3 hadi 5 ipakwe. Anayesoma baada ya sekunde kumi anabahatisha.

Rudi kwenye kituo chenye mtu mwenye uzoefu, au kolposkopi ikiwa ipo. Omba umuulize: je, weupe wote unaonekana hadi mwisho, au unaingia ndani ya tundu la mlango wa kizazi? Je, unafunikwa wote na kifaa cha kutibia? Je, kuna chochote kinachotia shaka ya saratani? Ukiingia ndani ya tundu, kugandisha au kuchoma kwa joto hakufai, maana vyote viwili huua nyama bila kubakiza kipande cha kupeleka maabara. Kilichojificha kinabaki kimejificha.

Ikithibitika unahitaji tiba, usiiogope. Kugandisha ni dakika tatu, kuacha dakika tano, kisha dakika tatu tena. Kuchoma kwa joto ni nyuzi 100 au zaidi kwa sekunde 20 hadi 30 kila mguso. Utatokwa na majimaji kwa wiki kadhaa. Usijamiiane wiki nne. Homa, harufu mbaya, maumivu makali ya tumbo la chini au damu ya mabonge: rudi siku hiyohiyo.

Na tafadhali, msomaji mwingine ametuuliza kama anaweza kujipaka siki ya jikoni nyumbani. Hapana. Hutaona kitu, na utajiunguza.

Biopsi yangu imesema CIN 2. Nina miaka 24, sina mtoto, na ninamtaka. Daktari mmoja anasema nikatwe, mwingine anasema tusubiri. (Dodoma)

Swali hili ndilo gumu kuliko yote, na madaktari wako wote wawili wana sababu. CIN ni jina la mabadiliko ya seli yaliyo kabla ya saratani, nayo hupangwa kutoka 1 hadi 3. CIN 2 iko katikati: ni zaidi ya maambukizi yanayopita, ila bado si CIN 3. Uchambuzi wa tafiti 36 uliochapishwa mwaka 2018 ulionyesha kwamba kwa wanawake chini ya miaka 30 walioangaliwa bila kukatwa, takriban 60 kati ya 100 walirudi kawaida ndani ya miaka miwili, na 11 hivi wakasonga mbele hadi CIN 3 au zaidi.

Upande wa pili ni LEEP yenyewe. Waya mwembamba wenye umeme hukata kipande cha mlango wa kizazi chini ya ganzi. Haiondoi uwezo wa kushika mimba, na wengi waliofanyiwa huzaa salama. Lakini kadiri kipande kinavyokuwa kirefu, hasa kikizidi milimita 10, ndivyo hatari ya kujifungua kabla ya wakati inavyoongezeka, na kukatwa mara ya pili huongeza zaidi.

Kwa hiyo kwa umri wako na nia yako, sisi tunaegemea kusubiri, kwa masharti: mstari wa kukutania ngozi umeonekana wote, hakuna CIN 3 popote, na una uhakika wa kufika. Kusubiri huku ni kolposkopi na papsmia kila baada ya miezi sita. CIN 2 ikidumu miaka miwili, tibiwa. Ikigeuka CIN 3, tibiwa mara moja, hata ungekuwa na miaka 21. Kama unakaa mbali, au kazi yako ni ya kuhamahama na unajua hutarudi, sema wazi. Hapo kutibiwa sasa ni busara zaidi. Ukikatwa, uliza kimekatwa kwa kina gani na kingo za kipande zilikuwa safi au la, halafu tunza karatasi. Mkunga wako ataihitaji.

Nina VVU, natumia dawa vizuri, nina miaka 25. Nami nisubiri mwaka?

Kwako ratiba inabana. Hatari yako ya saratani hii ni takriban mara sita ya mwanamke asiye na VVU, na kinga ikiwa dhaifu safari ya kuelekea saratani hufupika hadi miaka 5 hadi 10. LSIL kwako inahitaji kolposkopi bila kungoja mwaka. Kipimo cha HPV kikiwa safi, rudia baada ya miaka mitatu hadi mitano. Ukitibiwa, pima baada ya miezi 12, kisha tena miezi 12 mingine. Wakati kidonda kinapona virusi vya VVU vinaweza kutoka kwa wingi zaidi, kwa hiyo wiki zile nne za kutojamiiana zishike kweli, na usiruke dawa. Waambie kliniki unakochukua dawa waandike tarehe hizi kwenye kadi yako ileile.

Nina mimba ya miezi minne na papsmia imetoka HSIL. Mtoto atadhurika? (Mombasa)

HSIL haimdhuru mtoto. Fanyiwa kolposkopi sasa na daktari aliyezoea wajawazito. Biopsi ndogo inaruhusiwa akiona haja, ila kukwangua ndani ya tundu hapana. LEEP hungoja, isipokuwa kuna shaka ya saratani yenyewe. Utaangaliwa tena baada ya kujifungua, si kabla ya wiki nne.

Mchumba wangu anasema HPV ni ushahidi kwamba nimetoka nje. Yeye apimwe?

Si ushahidi. Virusi hivi vinaweza kukaa kimya miaka kabla ya kuonekana, na hakuna anayeweza kusema vilitoka kwa nani wala lini. Kwa wanaume hakuna kipimo cha kawaida cha HPV. Chanjo ya HPV haitibu kilichokwishaingia, ila mdogo wako wa kike ikimfikia mapema inamkinga: Tanzania ilianza kuitoa nchi nzima mwaka 2018, na mwaka 2024 ikahamia dozi moja, ikitolewa kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14.

Nina miaka 20, natokwa damu kila baada ya tendo. Nipime papsmia?

Nenda ukaangaliwe wiki hii, wala usiite uchunguzi wa kawaida. Mara nyingi ni maambukizi kama klamidia au ile ngozi laini iliyotokeza, na vyote vinatibika. Lakini mlango wa kizazi uonekane kwa macho, kwa kifaa cha kupanulia uke. Ukipewa vidonge bila kukaguliwa, rudi uombe ukaguzi. Ukionekana uvimbe au kidonda, kinachohitajika ni biopsi, hata kama papsmia imetoka safi.