Muulize Fundi: Meno ya PTO Yamelika, Tuchomelee?

SWALI: Shikamoo mzee. Trekta yetu ni Massey Ferguson 135, alituachia marehemu baba. Tukipukuchua mahindi, propela ya mashine, ile fimbo inayoiunganisha na trekta, inagonga na kuruka. Tumekuta meno ya shafti ya PTO, ule mhimili wa nyuma ya trekta unaozungusha propela, yamelika, mengine yamebaki ncha tu. Fundi wa hapa anataka kuyajaza kwa weldingi kisha ayachonge kwa grainda, na bei yake ni nafuu. Tumruhusu?
Msomaji, Babati

JIBU: Marahaba mwanangu. Msimruhusu hata akisema atafanya bure. Chuma cha shafti ile kimekomazwa kiwandani. Ukikipitishia weldingi, ukomavu unapotea na nyufa zinaanza pembeni ya mshono. Halafu hakuna mkono wa kuchonga meno sita yakalingana kwa grainda. Jino moja au mawili yatabeba mzigo wote, na yatakatika. PTO hiyo huzunguka mara 540 kwa dakika, yaani mara tisa kila sekunde. Propela ikichomoka kwa mwendo huo itamkuta kijana anayelisha mashine.

Kwanza jueni kilichoisha ni kipi. Zimeni injini, ufunguo uwe mfukoni, chomoeni propela. Itikiseni shafti juu na chini: ikicheza, beringi ya nyuma imekwisha. Kisha pitisheni ukucha ubavuni mwa jino. Ukikwama kwenye kidato, jino limelika. Mulikeni tochi ndani ya kichwa cha propela pia, maana meno yake husagika pamoja na ya shafti. Wengi hununua kimoja ili kuokoa hela, na kile cha zamani kinakitafuna kipya msimu huohuo.

Kuitoa hakuhitaji kupasua trekta, kwa sababu shafti ya 135 hutokea nyuma. Mwageni oili, fungueni bolti za kifuniko kinachoizunguka, vuteni sawasawa. Itakuja na beringi na oili sili, yaani mpira unaozuia oili isivuje. Sili ya zamani msiirudishe hata ikionekana nzima. Oili ile ndiyo pia ya haidroliki, kwa hiyo mkiikuta inametameta unga wa chuma, safisheni na chujio la pampu kabla ya kujaza mpya. Dukani nendeni na shafti ya zamani mkononi: unene wa nje ni inchi 1 na 3/8, lakini urefu na meno ya mbele navyo lazima vilingane. Wakati wa kurudisha, izungusheni taratibu mpaka meno ya mbele yajishike. Nyundo ikae mbali.

Sasa, kilichoyala meno hayo bado kipo. Mara nyingi ni pini ya kufungia kichwa cha propela ambayo haikuingia kwenye mfereji wake, au mashine iliyoegeshwa upande hadi propela ikapinda sana. Pakeni grisi kwenye meno kila mnapoifunga, na kama gamba la plastiki la propela lilishatupwa, nunueni jingine safari hiyohiyo.