Swali la Lugha: Aliyefukuzwa na maji ya ziwa ni mkimbizi, mhamiaji au mhamishwa?

SWALI: Hujambo mwalimu. Mimi ni katibu wa kikundi cha wakazi karibu na Ziwa Nakuru. Tunaiandikia serikali ya kaunti barua kuhusu familia zilizotoka makwao ziwa lilipofurika, na tumekwama kwenye jina. Mwenyekiti anataka "wakimbizi", vijana wanasema "wahamiaji", na mwalimu mmoja anashikilia "wahamishwa". Miongoni mwao yumo fundi wa nguo kutoka Kongo aliyekuwa mpangaji hapo. Naye tumwiteje?

JIBU: Sijambo, katibu. La vijana liwekeni kando kwanza. "Kuhama" ni kuondoka mahali. "Kuhamia" ni kwenda kukaa mahali pengine. Kwa hiyo mhamiaji hutambulishwa na kule aendako. Kijana wa Kisumu aliyepata mkataba wa kazi Doha ni mfanyakazi mhamiaji, na neno hilo linamfaa kabisa. (Msilichanganye na "mhamaji", bila ile "i" ya kwanza: huyo ni kama mfugaji wa Turkana anayefuata malisho na maji.) "Mhamiaji" halina ubaya wowote, ila halisemi kwamba mtu alilazimika kuondoka, na kulazimika ndiko barua yenu inakohusu.

"Wahamishwa" ni sahihi kisarufi, lakini lina kasoro mbili. Ya kwanza ni kwamba "hamishwa" humfanya msomaji aulize: na nani? Mkiandika "familia hizi zilihamishwa", karani ataelewa kwamba serikali iliziondoa, pengine hata ikazitafutia pa kukaa. Ya pili, katika ofisi zetu "uhamisho" ni ule wa mwalimu kupelekwa shule nyingine. Kama watu walitoka wenyewe kwa sababu maji yameingia nyumbani, semeni "walilazimika kuyahama makazi yao" au "waliyakimbia mafuriko". Kama walitolewa kwa nguvu, semeni "walifurushwa", kisha mtaje aliyewafurusha. Barua nyingi hupoteza nguvu hapa hapa: zinaandika "waliohama" tu, na anayesoma anadhani watu walifunga virago kwa hiari.

Sasa la mwenyekiti. Mtaani "mkimbizi" ni yeyote aliyekimbia. Kisheria maana yake ni finyu zaidi, na ofisi zinafuata sheria. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 1951 unamtambua mkimbizi kuwa mtu aliye nje ya nchi yake kwa hofu yenye msingi ya kuteswa kwa sababu ya rangi au asili, dini, utaifa, kundi la kijamii au maoni ya kisiasa. Mkataba wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika wa 1969 uliongeza wanaokimbia uvamizi, kukaliwa na wageni na matukio yanayovuruga vibaya amani ya umma. Sheria ya Wakimbizi ya Kenya ya 2021 inafuata njia hiyo. Sharti la kuwa nje ya nchi yako limo kote. Mkenya aliyekimbia mtaa mmoja wa Nakuru akajihifadhi mtaa mwingine hajawa mkimbizi kwa maana hiyo, na barua inayomwita hivyo bila maelezo inaweza kuishia kwenye meza isiyohusika.

Linalowafaa ni "wakimbizi wa ndani". Kila mtu hapa analijua tangu mapema 2008, watu waliokimbia ghasia za baada ya uchaguzi walipojaa katika uwanja wa maonyesho ya kilimo hapo Nakuru. Mitaani bado husemwa "maidipii", kutokana na kifupi cha Kiingereza IDP, yaani mkimbizi wa ndani. Wapo wanaolikataa wakidai linajipinga, kwamba mkimbizi hawezi kuwa ndani ya nchi yake. Hoja yao naielewa, lakini siwaungi mkono. Neno limezoeleka, na kivumishi "wa ndani" kinaondoa utata. Kuongeza "kwa ndani" ("wakimbizi wa ndani kwa ndani") si kosa, ila si lazima.

Kenya ina sheria ya 2012 inayowahusu watu hawa. Inawataja waliolazimika kuyakimbia au kuyaacha makazi yao kwa sababu ya vita, ghasia, ukiukaji wa haki za binadamu, miradi mikubwa ya maendeleo au majanga, yawe ya asili au ya kusababishwa na binadamu, bila kuvuka mpaka wa nchi. Mafuriko yenu yamo. Ona pia kwamba inasema "watu", haisemi "raia". Nanyi andikeni hivyo hivyo, kwa mfano: "Tunaandika kwa niaba ya wakimbizi wa ndani, yaani wakazi waliolazimika kuyahama makazi yao kwa sababu ya mafuriko ya ziwa na ambao bado wamo nchini."

Neno "wakazi" hapo linamwingiza na fundi wenu. Ikiwa ameshatambuliwa rasmi, yeye ni mkimbizi. Ikiwa ombi lake bado linasubiri uamuzi, ni mwomba hifadhi. Mwulizeni ana karatasi ipi, msikisie. Tena anaweza kuwa mkimbizi kutoka Kongo na papo hapo awe amepoteza makazi kwa mafuriko ya Nakuru. Jambo moja halifuti lingine. Msiitaje hali yake katika barua bila ruhusa yake. "Mpangaji aliyepoteza vifaa vya kazi" inatosha.

Na hata mkigundua hana karatasi yoyote, msiandike "mhamiaji haramu". Haramu ni sifa ya tendo au kitu, kama biashara haramu au pombe haramu. Mtu hawi haramu. Tangu 1975 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa, katika azimio nambari 3449, lilizitaka taasisi zake ziwaite wafanyakazi wa namna hii wasio na hati. Nao mkataba wa 1951, kifungu cha 31, unazuia kumwadhibu mkimbizi kwa kuingia bila kibali iwapo ametoka moja kwa moja alikotishiwa, akajitokeza kwa wenye mamlaka bila kukawia na kueleza sababu nzuri. Kwa hiyo andikeni "asiye na hati".

Tahajia nayo: ni "mhamiaji" na "mhamishwa", kama "mhariri". "Muhamiaji" lifuteni.